Ukiibiwa Pochi na Simu Kenya: Namna ya Kulilinda Jina Lako Lisiharibiwe CRB

Pesa taslimu zilizokuwa kwenye pochi zimekwenda, zisahau. Anachokitafuta mwizi anayejua kazi yake ni vitu viwili vikiwa pamoja: kitambulisho na laini ya simu. Kitambulisho peke yake hakimfikishi mbali. Laini peke yake nayo, hasa ikiwa imefungwa kwa PIN, haimsaidii sana. Akivipata vyote viwili ana jina lako, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na simu inayopokea meseji za kuthibitisha. Kwa hayo anaweza kukopa kwa jina lako saa nane za usiku, na wewe ukaja kujua miezi minne baadaye benki inapokunyima mkopo kwa sababu jina lako limeharibika CRB, yaani kwa mashirika yanayotunza rekodi za mikopo ya watu.

Ndiyo maana hapa mpangilio ni laini kwanza, benki pili, polisi tatu. Wengi hufanya kinyume. Hukimbilia kituoni, hukaa kwenye benchi wakisubiri kuandikiwa, na wakitoka laini imeshatumika.

Dakika za kwanza: funga laini

Azima simu yenye laini ya mtandao wako. Safaricom piga 100 (au 200 kama ni ya kulipia baadaye). Airtel pia ni 100. Mwambie mhudumu mambo mawili kwa kuyataja moja moja: afunge laini, na afunge akaunti ya M-Pesa au Airtel Money. Usidhani moja linabeba jingine. Muulize kabla hajakata kama yote mawili yamefanyika.

Kisha omba namba ya rejea ya simu hiyo na uandike saa kamili. Si "jioni", bali "12:47 jioni". Dakika hiyo ndiyo itakayogawanya mikopo katika mafungu mawili: iliyochukuliwa kabla hujatoa taarifa na iliyochukuliwa baada. Fungu la pili kampuni haina pa kujificha. Fungu la kwanza ni gumu, kwa sababu mkopeshaji atasema PIN sahihi ilitumika, na masharti ya huduma hizi humbebesha mteja mzigo mpaka pale anapotoa taarifa.

Utajiuliza mwizi aliipataje PIN. Mara nyingi hakuhitaji ujanja. Watu wengi huweka mwaka wao wa kuzaliwa, na huo umechapishwa kwenye kitambulisho alichonacho mkononi. Simu yako ikiwa imefungwa kwa alama ya kidole, hutoa laini tu na kuiweka kwenye simu nyingine, akajaribu *334#, menyu ya M-Pesa, kutokea huko.

Laini ikishafungwa, pigia benki zako zote ufunge kadi na huduma ya benki kwa simu. Kadi nyingi siku hizi hulipia manunuzi madogo kwa kugusa mashine bila PIN, kwa hiyo usijifariji kwamba PIN haijulikani. Halafu badilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia kompyuta ya mtu unayemwamini, kwani aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), iTax (ya kodi) na programu za mikopo. Simu yenyewe ifute kwa mbali kupitia akaunti ya Google au iCloud.

Kuna mtego mmoja hapa. Saa chache baada ya wizi, jamaa au jirani aliye kwenye orodha yako ya namba atapigiwa na mtu anayejiita mhudumu wa Safaricom: laini imepatikana, inahitajika PIN ili irudishwe kwa mwenyewe. Safaricom huwapigia wateja kwa namba moja tu, 0722 000 000, na hawaulizi PIN. Waambie watu wa nyumbani mapema.

Fuliza: deni linalojilipa kabla hujalipinga

Ukirudishiwa laini, jambo la kwanza ni kuomba taarifa ya M-Pesa ya kuanzia siku moja kabla ya wizi, kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#. Ipitie mstari kwa mstari. Mkopo wa M-Shwari au wa KCB M-Pesa utauona wazi, ila Fuliza, mkopo wa kujaziwa pale salio la M-Pesa lisipotosha, huwapita wengi kwa sababu kwenye taarifa hiyo haiandikwi kwa jina lake. Tafuta mstari ulioandikwa OverDraft of Credit Party. Hiyo ndiyo Fuliza, na kila mstari wa namna hiyo una saa yake na namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Nakili saa, namba na kiasi, kisha vilinganishe na saa uliyofunga laini.

Ubaya wa Fuliza ni kwamba pesa yoyote inayoingia kwenye laini hukatwa kwanza kulipia deni. Mwizi akifuliza Sh4,000, kesho mwanao akikutumia Sh3,000, zote zinamezwa, na kwenye rekodi inaonekana umeanza kulipa. Kwa hiyo usipokee chochote kwa namba hiyo, mshahara hata michango ya chama, mpaka pingamizi lako liwe limepokelewa kwa maandishi na kupewa namba. Tumia namba ya ndugu au akaunti ya benki kwa siku hizo.

Laini mpya ichukue kwenye duka la kampuni yenyewe, si kwa wakala wa kando ya barabara. Beba pasipoti kama unayo. Kama huna, nenda na abstrakti ya polisi (karatasi inayothibitisha kwamba uliripoti) pamoja na nakala ya kitambulisho, na ujiandae kwa maswali: namba unazozipigia mara kwa mara, kiasi cha mwisho ulichotuma, salio la karibuni.

Polisi: maneno yanayoandikwa ni muhimu kuliko karatasi

Nenda kituo kilicho karibu na mahali wizi ulipotokea. Taarifa yako itaandikwa kwenye kitabu cha matukio, nawe utapewa namba ya OB. Abstrakti huandikwa kutokana na maandishi hayo. Hapa ndipo wengi hujiangusha. Askari akiwa na foleni ndefu ataandika "amepoteza kitambulisho", wewe utashukuru na kuondoka. Baada ya miezi mitano, mkopeshaji atasoma neno "amepoteza" na kukujibu kwamba hakuna uhalifu ulioripotiwa.

Kama uliibiwa, sema umeibiwa, na umwombe askari asome alichoandika kabla hujaweka sahihi. Hakikisha yametajwa haya: tarehe na saa ya wizi, mahali, namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya IMEI, inayoitambulisha simu yenyewe (ipo kwenye boksi la simu au risiti), benki zilizotoa kadi bila namba kamili za kadi, na saa uliyofunga laini. Abstrakti iskani, utoe nakala kama sita. Utaombwa moja kila dirisha utakalokwenda.

Kwa abstrakti hiyo omba kitambulisho kingine Huduma Centre au ofisi ya usajili wa watu; ada ya kubadilisha ni Sh1,000 na hulipwa kupitia eCitizen. Leseni ya udereva iko kwenye tovuti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Elewa jambo moja hata hivyo: kitambulisho kipya hakiui cha zamani. Namba ni ileile, na kile cha mwizi hakina taa nyekundu itakayomwakia wakala asiye makini.

Kwa hiyo piga *106#. Menyu hiyo huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao unaopigia. Fanya hivyo kwa kila mtandao kwa kutumia laini yako nyingine au kwenda dukani kwao. Ukikuta namba usiyoijua, ikatae palepale na uhifadhi picha ya skrini, kwa sababu mikopo mingi ya wizi hutolewa kwa laini ngeni iliyosajiliwa kwa jina lako. Rudia baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi.

Ukiwa Safaricom, piga pia *100*100#. Huduma hii huzuia laini yako kubadilishwa na mawakala. Atakayetaka kuibadilisha itabidi afike duka la Safaricom mwenyewe. Ilistahili kuwashwa tangu siku ya kununua laini.

Kusoma ripoti ya CRB

Nchini Marekani mtu anaweza kufunga ripoti yake ya mikopo ili asikopeshwe yeyote kwa jina lake, na tangu 2018 ni bure. Wakenya wanaoishi huko huuliza kama na hapa inawezekana. Kanuni zetu hazina utaratibu huo, kwa hiyo kinga yako ni kuangalia mara kwa mara na kupinga haraka.

Mashirika ya marejeleo ya mikopo (CRB) yenye leseni ya Benki Kuu ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila moja. Metropol unaifikia kwa *433#, hayo mengine kwa programu au tovuti zao.

Ushauri unaotolewa sana ni kuchukua zote tatu siku hiyohiyo. Si ushauri mzuri. Mkopo huhesabiwa kuwa mbaya baada ya siku 90 bila kulipwa, kwa hiyo ukimaliza ripoti zako za bure wiki ya kwanza utaambiwa u msafi, nawe utalala. Chukua moja wiki ya kwanza, iwe kipimo cha hali yako ilivyokuwa. Ya shirika la pili ichukue mwezi wa pili. Ya tatu mwezi wa nne au wa tano, wakati deni la wizi lingekuwa limeshakomaa. Ukikuta kitu kwenye yoyote, hapo ndipo ulipie za waliobaki. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hasara.

Ukiipata, usikimbilie alama. Metropol hupima kati ya 200 na 900, na wengi husoma namba hiyo wakafunga simu. Nenda kwenye orodha ya waliokuulizia, yaani wakopeshaji walioomba ripoti yako. Mkopeshaji anapopokea ombi la mkopo huulizia kwanza, na ulizo hilo huonekana mapema, wakati deni lenyewe lingali changa. Jina la kampuni ya mikopo usiyowahi kuikaribia, lenye tarehe ya baada ya wizi, ndiyo dalili yako ya kwanza. Waandikie siku hiyohiyo, hata kama hakuna deni linaloonekana.

Baada ya hapo kagua namba za simu na anwani zilizo kwenye ripoti. Kanuni zinamtaka mkopeshaji akujulishe siku 30 kabla ya kukupeleka CRB, lakini ilani hiyo huenda kwa namba iliyotumiwa kuomba mkopo. Kama ni namba ya mwizi, ilani ilimfikia yeye. Ukiona namba ngeni kwenye ripoti, ipinge iondolewe sawasawa na unavyopinga deni.

Kupinga deni

Andika. Simu haihesabiki. Barua iende kwa CRB na kwa mkopeshaji siku moja, kila mmoja akiona kwamba mwenzake amepata nakala. Bila hivyo benki itakutuma CRB, CRB ikurudishe benki, na viatu viishe soli. Kwa mkopeshaji omba pia akuonyeshe rekodi ya ombi lenyewe: namba ya simu iliyopokea pesa, tarehe na saa, picha ya uso kama ilipigwa, na nakala ya kitambulisho kilichotumika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zinazokuhusu, kwa hiyo hiyo si fadhila unayoomba.

Barua yenyewe iwe fupi, isiyo na malalamiko:

"Mimi, mwenye kitambulisho namba ___, napinga akaunti namba ___ ya mkopeshaji ___ iliyo kwenye ripoti yenu ya tarehe ___. Mkopo huo wa Sh___ ulitolewa tarehe ___ saa ___ kwa namba ya simu ___. Kitambulisho na simu yangu viliibwa tarehe ___ saa ___, OB namba ___, na laini ilifungwa saa ___, rejea namba ___. Sikuomba mkopo huu wala sikupokea fedha zake. Naomba rekodi hii iwekewe alama kwamba inapingwa, ichunguzwe, na ifutwe. Nimeambatisha abstrakti, taarifa ya M-Pesa na picha ya menyu ya *106#."

Kwa mujibu wa kanuni, CRB ina siku tano za kazi kuweka alama ya pingamizi kwenye rekodi na kumjulisha mkopeshaji. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, rekodi inayopingwa inapaswa kufutwa. Weka siku hizo kwenye kalenda, na siku ya 22 tuma barua fupi ya kukumbusha ukitaja tarehe ya kwanza.

Kosa la kawaida ni kuchanganya aina mbili za wizi kwenye barua moja. Mkopo uliotolewa kwa laini ngeni unapingwa kwa kuonyesha kwamba laini si yako. Mkopo uliopita kwenye laini yako unapingwa kwa saa: wizi saa ngapi, taarifa saa ngapi, mkopo saa ngapi, na pesa zilitumwa wapi dakika zilizofuata. Kama una madeni ya aina zote mbili, andika barua mbili. Na kama kuna deni lako halali ambalo umechelewa, usilichomeke humo. Litagunduliwa, na litachafua yale ya kweli.

Rekodi ikifutwa, omba kwa mkopeshaji barua inayosema akaunti ilikuwa ya ulaghai na imefungwa. Hii si ya kupamba faili. Wakopeshaji hupeleka data mpya CRB mara kwa mara, na deni lisipoondolewa kwenye mfumo wao wenyewe, linarudi kwenye ripoti kwa data inayofuata. Angalia tena baada ya siku 45 hivi.

Usilipe kisicho chako

Atakuja mtu wa huruma akwambie: ni Sh2,500 tu, lipa upate cheti cha CRB uendelee na maisha. Shida ni kwamba ukilipa umelikubali, na pingamizi limekufa. Tena kulipa hakufuti. Rekodi ya mkopo uliowahi kuwa mbaya hukaa miaka mitano tangu siku ulipolipwa, ikisomeka kwamba ulichelewa kisha ukalipa. Kwa hiyo umetoa pesa, na doa limebaki kwa jina lako.

Hata ahadi ni hatari. Wakusanya madeni wanapopiga hutaka neno moja tu, "nitalipa mwisho wa mwezi", na simu inarekodiwa. Jibu kwa sentensi moja: deni linapingwa, OB namba fulani, nitumie madai yako kwa maandishi. Kata. Wakianza kuwapigia ndugu na wafanyakazi wenzako, kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 zinawakataza. Hifadhi picha za meseji na rekodi ya simu, na upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuchunguza na kuamua. Kwanza angalia kama kampuni iko kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Isipokuwepo, iandikie Benki Kuu.

Benki Kuu pia ndiyo kimbilio benki, mkopeshaji wa kidijitali au CRB ikikaa kimya baada ya siku 21, ila itauliza kama ulianza kwa wahusika wenyewe, kwa hiyo ambatisha barua na risiti za kupokelewa. Deni la sacco zinazopokea amana peleka SASRA, mamlaka inayozisimamia. Ukipata jina au namba ya aliyepokea pesa, ipeleke DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Laini yao ya siri ya bure ni 0800 722 203. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 kinatoza faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayejifanya mtu mwingine. Usitarajie kesi iende mbio. Faida ya haraka ni kwamba namba ya faili ya DCI huwafanya wakopeshaji wajibu barua zako.

Faili na kalenda

Bahasha moja, karatasi moja juu yake. Kila unapopiga simu au kwenda ofisini, andika tarehe, saa, ofisi, jina la kwanza la aliyekuhudumia na alichoahidi. Nakala za kidijitali ziweke kwenye barua pepe mpya yenye uthibitisho wa hatua mbili usiotegemea laini iliyoibwa.

Baada ya ripoti ya mwezi wa nne au wa tano, *106# iendelee kila miezi miwili. Ingia iTax uhakikishe barua pepe na simu zilizopo ni zako. Mwaka ukiisha haki ya ripoti za bure inafunguka upya. Anza tena na shirika la kwanza. Kitambulisho kilichoibwa huweza kuuzwa mara ya pili baada ya muda mrefu, hasa vile vya watu wasiokuwa na madeni, kwa sababu ndivyo vinavyopewa mikopo mikubwa.

Simu mpya ukiipata, weka PIN ya laini yenyewe, mbali na ile ya kufungua skrini. Mtu akiihamishia kwenye simu nyingine ataombwa PIN hiyo. Akikosea mara tatu itataka PUK (namba ya kuifungulia), na PUK ikikosewa mara kumi laini inakufa kabisa. Fuliza kama huitumii, jiondoe kwa *234*0# wakati huna deni. Na vile vikava vya simu vyenye mfuko wa kadi kwa nyuma, vinavyouzwa kila mahali River Road, ndivyo vinavyoweka kitambulisho na laini mkononi mwa mwizi kwa mnyakuo mmoja.